Jino la Pembe

Mimi ni fundi wa meno, Kutaisi,
chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, karibu na daraja.
Sing'oi. Sizibi. Daktari huniletea kinywa cha mtu
kimegandia ndani ya jasi,
nami hujaza palipopunguka.

Kinywa hukumbuka kuliko mwenyewe.
Huyu husaga meno usiku, huyu kavuta tumbaku tangu jeshini,
bibi yule hutafunia kushoto
tangu majira yale ya baridi tuliyokaa bila umeme.
Kinywa hakijui uongo.
Mwongo ni ulimi, mpangaji wake.

Lamzira wa ghorofa ya tatu alikuja kwanza mwezi Februari,
ngazi zimeshika barafu.
"Nimeteleza," akasema. Jino la mbele, la juu, kulia.
Nikalinganisha rangi yake dirishani kwa mwanga wa mchana,
nikamwambia asicheke kwa siku mbili tatu.
Hakuwa anacheka.

Mara ya pili ilikuwa Agosti.
Barafu gani, Agosti?
"Mlango wa kabati," akasema,
nami nikauliza, Mungu anisamehe, nikauliza
kama angependa la kauri au la bei nafuu.

Aangukaye hutanguliza mikono.
Viganja huchubuka, kidevu hupasuka.
Lakini jino lililosukumwa kuelekea kooni,
na mdomo uliochanika kwa ndani,
hayo hayakukutana na ngazi.
Nayajua kama mwokaji ajuavyo unga.
Nilijua, nikachonga.

Na Zauri mumewe ndiye aliyelipa.
Alikuja na pesa taslimu na chupa ya divai
ya shamba la baba yake,
akakaa kwenye stuli yangu, akaisifu kazi:
"Mtu hawezi kujua lipi lake, lipi lako."
Mtu mpole. Huwapisha wazee ngazini.
Tulikunywa.

Mara ya tatu siisemi.
Meno mawili, na taya.

Jino la pembe si dawa ya pengo, wahenga walisema,
na mimi nimekula mkate miaka ishirini
kwa kulikanusha neno hilo.

Jumanne alikuja bila miadi,
bintiye Tsiala nyuma yake, amebeba paka
ndani ya begi la shule.
Hakufungua kinywa nikitazame. Alitazama rafu.
"Wanasema hutupi jasi."
Situpi.
"Zina tarehe?"
Zina tarehe, kwa wino,
kwa mwandiko wangu mwenyewe, mwandiko mzuri.

Nikazishusha, tatu. Nikazipanga mezani
kwa kufuata miaka,
kinywa kimoja kikihama kidogo kidogo.
Mtoto akazitazama. Paka akalia.
Nikazifunga kwa gazeti, moja moja, kama mayai,
nikazitia ndani ya boksi la keki,
nikakosa kamba, nikavua mkanda wa aproni yangu.

"Ulijua?" akauliza.

Ningeweza kusema habari za barafu.
Ningeweza kusema kazi yangu ni meno tu.

"Tangu la kwanza."

Hakunitukana. Heri angenitukana.
Aliliweka boksi kwapani, akamshika mtoto mkono, akasema:
"Basi uje mahakamani uyaseme hayo.
Uyaseme kwa sauti.
Mimi nina kithembe sasa."

Ni tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi.
Shati nimelipiga pasi.
Usiku huu nimesimama mbele ya kioo, mdomo wazi,
nahesabu yangu: thelathini na mawili, mazima,
wala hakuna hata moja
lililowahi kunizuia kusema.